Fundi wa Ngamiani, ati macho yangu ndiyo mazito!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi na mikono bado inanitetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Fundi mwenyewe mnamjua. Sitaji jina wala duka, ila yeyote aliyewahi kutafuta chaja maeneo ya Mgandini, hapa Tanga, kishapita mikononi mwake.

Aliniuzia laptopu. Stika ya prosesa ya i7 inang'aa, RAM GB 8. Kabla sijatoa hela nilimwuliza mbele za watu, je, gemu za PlayStation 3 (PS3) inacheza? Akaapa kwa jina la Mungu. "Kaka, hii hata PS4 inaimeza."

Leo nimemrudishia. Nikaiwasha juu ya meza yake, nikafungua RPCS3, emuleta (programu ya kuigiza mashine nyingine) ya PS3, nikaweka gemu la God of War III. Kratos, shujaa wa gemu, anainua mkono leo, unashuka kesho kutwa. Sauti inakatika katikati ya neno. Pale pembeni namba ya fremu, yaani picha kwa sekunde, inasoma 4, ikishuka 3. Duka limejaa watu, mtoto wa dada yangu kasimama ubavuni kwangu. Fundi kaangalia kioo, kaniangalia mie, akapaza sauti wamsikie mpaka ng'ambo ya barabara: "Mashine ni nyepesi kaka. Macho yako ndiyo mazito."

MACHO YANGU! Fremu 4 kwa sekunde, kosa la macho yangu! Watu wakaangua kicheko. Muuza kahawa alikuwa anapita zake, akaliweka birika chini ili acheke vizuri.

Nikamfungulia Task Manager asome mwenyewe. i7-6600U, prosesa ya mwaka 2015, ina kore (vichwa vya kufanyia kazi) mbili. Mbili! PS3 inaendeshwa na prosesa inayoitwa Cell, na gemu peke yake linatumia SPU (prosesa ndogo za pembeni) 6 kwa mpigo mbali na ile prosesa kuu. Mzigo wote huo unazitwisha kore mbili, tena kila agizo kwanza litafsiriwe ndipo litekelezwe. Unajua alivyonijibu? Ati PS3 ilikuwa na RAM ya MB 512, hii ina GB 8, kwa hiyo ina nguvu mara 16 ya PS3. Kapiga hesabu kwa kikokotoo cha simu, kakigeuza watu waone. Halafu akarudia tena, taratibu, kwa ajili ya waliochelewa kuingia: macho yako ndiyo mazito.

Mtu huyu anauzia watoto wetu kompyuta. Hela haikurudi. Nimemaliza.

mkwakwani_jukwaani: Umepigwa mkuu. Pole sana.

pwani_moja: Mtu mzima unanunua laptopu kwa kusoma stika?

fundi_bila_duka: Mleta uzi ana haki. Hiyo herufi U mwishoni ni prosesa za kuokoa umeme, wati 15. Zimetengenezwa kwa barua na mahesabu ya ofisini. Na i7 ya kore mbili ziko nyingi mno kwenye hizi za mtumba, wauzaji wanajua na wanajifanya hawajui.

Makorora_Kwetu: Nami nina swali. PS2 ilikuwa na RAM MB 32 tu, prosesa kama MHz 294. Mbona ya kwangu ya GB 4 inagugumia nikiweka PCSX2, emuleta ya PS2?

fundi_bila_duka: Kwa sababu kompyuta yako si PS2. Ile ilikuwa na prosesa kuu, VU mbili za mahesabu pembeni na chipu ya picha, zote zinafanya kazi kwa pamoja na kwa kusubiriana. PCSX2 inaziigiza zote juu ya prosesa ya aina nyingine kabisa. Inayobeba hapo ni kasi ya kore moja moja. Ongeza RAM mpaka ijae chumba, haitasaidia.

mleta uzi: Umeona! Na mtu anakupigia hesabu ya mara 16 kwenye kikokotoo! Halafu macho!

pwani_moja: Ila ulipimwa lini macho mkuu? 😂😂

mleta uzi: Namba ya fremu ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye kioo. Hata asiyeona angesomewa.

Donge_usiku: Huyo huyo kaniwekea "emuleta ya PS5" kwenye simu. Faili la MB 60! Nikifungua inakuja nembo, halafu tangazo, halafu tangazo jingine. Diski moja ya Blu-ray ya PS3 inafika GB 50, huyu kaiminya PS5 nzima kwenye MB 60, na hela kachukua.

mzee_wa_katriji: Mnalilia PS3, watoto wa juzi. SNES, mashine ya zamani ya Nintendo, ina prosesa ya MHz 3.58. Aliyetengeneza emuleta yake ya bsnes alitaka kompyuta ya karibu GHz 3 ili kila kitu kitokee kwa wakati wake kama kwenye mashine halisi. Emuleta nyingine, ZSNES, ilikimbia kwenye kompyuta dhaifu kwa kuwa ilikuwa inakisia mambo mengi. Kuiga kwa usahihi ni ghali tangu zamani, na hakuna muuzaji anayekwambia.

chipsi_dume: PPSSPP, emuleta ya PSP, kwenye simu yangu ya kawaida inacheza mpira freshi kabisa. Mna tamaa tu.

mzee_wa_katriji: PSP ni MHz 333 dogo, na PPSSPP inanolewa tangu 2012. Usilinganishe.

Donge_usiku: Kinachoniuma mie, yule wa AetherSX2 aliyewapa watu PS2 kwenye simu bure kabisa, Januari 2023 akaacha kazi kwa matusi na vitisho. Wetu anaongopa, na foleni dukani kwake haiishi.

mkwakwani_jukwaani: Tanga waja leo warudi leo. Hela ya mleta uzi ndiyo iliyokuja ikabaki.

mleta uzi: Jamani tusitoke kwenye mada. Kasema mbele ya mtoto. Mtoto kafika nyumbani kamhadithia bibi yake, sasa bibi ananiuliza kama naona vizuri.

Makorora_Kwetu: Afadhali yako uliambiwa macho. Mie nimeuziwa flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani ya pilau. Niliweka picha za harusi ya dada, hazifunguki hata moja.

chipsi_dume: TB 2 za bei hiyo ni GB 8 zilizodanganywa zijitambulishe hivyo. Wa Chuda huyo?

Makorora_Kwetu: Huyo huyo!!! Anavaa kofia ya Coastal?

chipsi_dume: Huyo. Kaniuzia na pawabenki, nimeipasua ndani nimekuta mchanga.

Donge_usiku: MCHANGA? 😂😂😂

pwani_moja: Wekeni picha ya huo mchanga.

mleta uzi: Nani kashawahi kurudishiwa hela na huyu wa Ngamiani? Nauliza kweli.

chipsi_dume: Picha naweka nikipata chaji, umeme umekatika huku tangu alasiri.

mkwakwani_jukwaani: Hata Mabawa umekatika. Chumbageni je?

fundi_bila_duka: Chumbageni upo.

mzee_wa_katriji: Kuna anayeuza padi ya PS2, orijino, isiyoyumba analogi ya kushoto? Nipo Pongwe, naifuata.