Mnavu wa kujiotea umetoka mchungu, halafu kuna majani siyajui

Chipukizi: Wakuu, habari zenu. Nyuma ya nyumba mnavu umejiotea wenyewe, nikachuma kapu zima. Nikachemsha, nikamwaga maji, nikaunga kwa kitunguu na nyanya. Uchungu uko palepale, tumekula kwa kujilazimisha. Nimekosea wapi? Halafu nilipokuwa nachambua nilikuta majani mawili makubwa, kingo zina menomeno, ukiyasugua yananuka vibaya. Niliyatupa, ila mama mkwe anasema mbuzi akila, mtu naye anakula.

Bi Mboga: Mwanangu, afadhali uliyatupa. Kwa unavyoeleza, huo ni mnanaha, na sumu yake haiishi kwa kuchemsha.

Mimi niliwahi kuupika bila kujua, umechanganyika na mchicha pori. Nilichuma jioni, giza linaingia, sikuchambua vizuri. Haikupita saa moja koo likanikauka hata mate hayamezeki, moyo unakwenda mbio, na taa ya chumbani inaniumiza macho kwa sababu mboni zilikuwa zimetanuka. Mdogo wangu tuliyekula naye sahani moja akawa anaokota sakafuni vitu ambavyo havipo. Tulikimbizwa hospitali, tukapona. Tangu siku ile sichumi mboga ya pori jua likishazama.

Hilo la mbuzi msilifuate kabisa. Wako sungura wanaokula majani yenye atropini, sumu iliyomo kwenye mnanaha, wasidhurike, kwa kuwa damu yao inaweza kuivunja. Yetu haiwezi.

Ua la mnavu ni dogo kama kifungo cha shati, jeupe, katikati njano, na vitunda vyake vinaning'inia kwa kishada, laini, vikiiva vinakuwa vyeusi. Mnanaha una ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Taabu ni mche mchanga ambao haujatoa ua. Huo ukiutilia shaka, uache.

Sasa uchungu. Nadhani ulichuma majani yaliyokomaa. Chuma ncha laini kabla mnavu haujazaa, na vile vitunda vibichi vya kijani uvitoe vyote, vina sumu. Chemsha kwa maji mengi, mwaga, tia maji mengine, chemsha tena, ndipo uunge.

Jembe: Naongezea tu: msichume palipopigwa dawa ya magugu, wala kando ya mtaro wa maji machafu.

Chipukizi: Asante sana Bi Mboga, na pole kwa yaliyowapata. Leo asubuhi nimerudi kukagua mche kwa mche. Nimeng'oa minanaha mitatu, mmoja umebanana na mnavu kabisa, majani yameingiliana. Mama mkwe nimemwonyesha, akakaa kimya. Mnavu nimeupika kwa maji ya pili, na safari hii watoto wameongeza.