Hivi askari wakiuawa, kwanini kuna watu wanachekelea?

Mdau wa Kijiweni:
Wakuu, jana tulikuwa tunakumbushana Kibiti, kule Pwani, ile Aprili 2017 askari 8 walimiminiwa risasi wakiwa kwenye gari wanatoka lindo, sasa jamaa mmoja anachovya chapati kwenye chai anasema "acha nao waonje". Nikashindwa hata kumeza. Tumefikaje huku?

MamaVitumbua:
Usimshangae. 2018 pale Mkwajuni, Dar, binti wa watu, mwanafunzi wa NIT, kile chuo cha usafirishaji, kapigwa risasi yuko zake ndani ya daladala polisi wakitawanya waandamanaji, hata kwenye maandamano hakuwemo. Baada ya hapo mie nikiona kombati nabadili njia.

Njagu Mstaafu:
Nimevaa gwanda miaka 22. Kituo cha polisi Stakishari, Dar, 2015 wenzetu wanne wameuawa kituoni usiku, bunduki zikabebwa. Wao walimkosea nani? Mnatuchanganya wote kapu moja.

Kobe_Mkavu:
Afande shikamoo. Shida sio askari mmoja mbaya, shida mnavyolindana bana. Mwandishi wa habari Mwangosi kauawa Septemba 2012 kwa bomu la machozi, askari aliyefyatua kafungwa miaka 15 lakini hukumu imekuja 2016! Ila tuseme ukweli, kibaka akizingirwa na matairi yameshaletwa, ni hao hao polisi ndo wanamchomoa, na hapo tunawalaani kwa kumwokoa 😂

Njagu Mstaafu:
Marahaba. Hilo la hukumu sina la kujibu.

Mdau wa Kijiweni:
Kumbe mdogo wake jamaa wa chapati alishalazwa selo siku nne, eti mzururaji, na alikuwa katumwa sukari tu. Nimeambiwa leo.