Ushauri: Napenda sana kupiga picha safarini, ila kupiga watu kunanishinda

mamavitenge
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamoo.

Nafanya biashara ya vitenge na batiki. Kila mwezi natoka Dar na mzigo, nashuka Mombo, napanda Lushoto kwa wateja wangu, halafu narudi barabara kuu kuelekea Same hadi Moshi. Huu ni mwaka wa nne. Zamani nikifika Chalinze nilikuwa nimeshalala. Tangu nipate simu yenye kamera nzuri silali tena. Napiga mashamba ya mkonge pale mistari inapopishana kadiri basi linavyokwenda. Napiga mabango ya vinyozi yaliyochorwa kwa mkono, maneno nyuma ya malori, ukungu wa Irente asubuhi unavyopanda kutoka bondeni. Nina picha zaidi ya elfu tatu na karibu zote nimeziangalia peke yangu usiku gesti. Ndiyo starehe yangu, sina nyingine.

Shida ni watu. Mwezi uliopita sokoni Lushoto nilimwona bibi mmoja amepanga plamsi kwenye ungo, mafungu ya tano tano, anazifuta moja moja kwa upindo wa kanga yake mpaka zinang'aa. Juu kulikuwa na turubai la bluu limetoboka, jua linapenya linamdondokea kwenye vidole. Nikatoa simu nikapiga. Akasikia mlio. Akajifunika uso kwa kanga, akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, hata salamu?"

Nilifuta ile picha mbele yake, nikaomba radhi, nikanunua mafungu mawili. Lakini hadi nafika Moshi sikuwa na raha. Tangu siku hiyo nikitaka kumpiga mtu mkono unakuwa mzito, naishia kupiga migongo. Nikiomba kwanza, mtu anakakamaa kama yuko kwenye picha ya pasipoti. Nisipoomba najiona mwizi. Nyie mnafanyaje? Natanguliza shukrani.

kijana_wa_Buguruni
Dada, sokoni ni hadharani. Ukimuomba kila mtu, ile hali uliyoiona inapotea. Mimi napiga kwanza, akiniona natabasamu, akikataa nafuta. Wengi wala hawana neno.

shangazi_ng'ambo
Assalaam alaykum. Kijana wangu wa Buguruni, nakuelewa, ila hawa wasio na neno wengi wao hawakukuona. Mimi nimekaa sokoni Darajani, huku Unguja, miaka mingi nauza viungo, najua ninachosema. Mgeni anasimama mbele ya meza yangu, ananielekezea kamera, hanunui hata mdalasini wa kuchemshia chai, kisha anaondoka na uso wangu. Siyo kwamba naogopa picha. Nachukia kupitwa kama meza.

Mama vitenge, ukija Unguja pita Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, kwenye ile studio ya kina Oza. Marehemu Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, na picha zake za kale za nyeusi na nyeupe zimening'inizwa humo mpaka leo. Simama mbele ya zile za watu. Uone mtu alivyokaa, alivyoweka mkono, anavyokutazama moja kwa moja. Yule alijua anapigwa picha na alitaka apigwe. Kukakamaa unakosema wewe, kule naona ni heshima yake mtu. Usikimbilie kuudharau uso wa mtu aliyejiandaa kwa ajili yako.

Na huku kwetu kuna mipaka usiipite hata kidogo: wanaosali, maiti na mazishi, mwanamke aliyekaa barazani kwake hajajistiri. Watoto, muulize mzazi. Mwezi wa Ramadhani ndio usiingize kamera usoni mwa mtu aliyefunga saa tisa mchana, hana nguvu ya kukujibu vizuri.

fundi_rangi
Nashukuru umetaja mabango ya vinyozi, maana ndiyo kazi yangu. Nachora saluni, genge, mabajaji, kuta za shule. Ombi langu kwako: ukipiga bango, usikate kona ya chini. Pale ndipo fundi anapoandika jina na namba ya simu. Nimeshaona kazi yangu mtandaoni watu wanaisifia na jina limekatwa, na ile picha ingeniletea kazi.

Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hapa hapa Dar, kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, miaka minne tu. Leo mtindo wote unaitwa kwa jina lake. Waliokuwa wakichora mitaani miaka ile ile na hakuna aliyeandika majina yao, nani anawajua?

Halafu ukimkuta fundi yuko juu ya ngazi anachora, huyo mpige hata bila kuomba sana. Kwa upande wangu, hakuna picha ninayoitamani kama ya ukuta ukiwa nusu, mistari ya penseli bado inaonekana. Siku mbili baadaye haipo tena.

wa_Thika_Road
Salamu kutoka Nairobi. Hapa matatu zinachorwa upya kila mara, leo uso wa mchezaji, mwezi ujao wa msanii mwingine, kwa hivyo ukiipenda moja piga leo. Ila makanga na dereva waulize, wao hupenda sana na watakufungulia hata taa za ndani. Na jua kuwa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukichukua sura ya mtu ukaiweka kwenye tangazo bila ruhusa yake, anaweza kukupeleka mbele ya Kamishna wa Data na ukalipa fidia. Imetokea.

karani_mdogo
Nyongeza fupi. Tanzania nayo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara, usiweke uso wa mtu kwenye tangazo la vitenge bila idhini yake, ikibidi kwa maandishi. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na Ikulu usielekeze kamera kabisa. Madaraja, bandari na viwanja vya ndege, uliza kwanza.

mstaafu_Korogwe
Binti yangu, marahaba. Nimepiga picha za harusi na vipaimara ukanda huu tangu enzi za filamu. Filamu moja picha 36, ukiharibu kumi umekula hasara, kwa hiyo tulijifunza kuongea na watu kabla ya kubonyeza.

Hilo la kukakamaa lina dawa. Omba, akikubali piga ya kwanza akiwa amekakamaa vile vile. Usiidharau, hiyo ni ya kwake. Mwonyeshe kwenye kioo. Atacheka, au atalalamika kitambaa kimekaa vibaya, atakirekebisha. Hapo muulize bei ya plamsi, muulize mvua za huko kwao. Aendelee na kazi yake. Picha unayoitaka huwa ni ya nne au ya tano, mikono ikisharudi kwenye kazi.

Sasa mwanga. Saa sita mchana jua letu liko utosini, macho yanageuka mashimo meusi. Msogeze mtu kwenye kivuli cha kibaraza, lakini ukingoni, uso ukitazama kwenye mwanga. Nyuma kukiwa kweupe, simu inajali kule nyuma na uso wa mtu mweusi unakuwa giza tupu. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kidogo kidogo, ukiona rangi ya ngozi imekuwa kama unavyoiona kwa macho, acha hapo. Usizidishe. Watu wetu wakifanywa weupe kwenye picha sipendi kabisa. Na kabla ya yote futa kamera kwa kanga safi, maana simu inayokaa kwenye pochi na mafuta ya kujipaka inatoa picha zenye ukungu, halafu mtu analaumu simu.

Kwenye basi, ukitoka Dar kata siti ya kulia. Usambara iko kulia, Pare iko kulia, na ukishavuka Himo Kilimanjaro nayo iko kulia. Kurudi kaa kushoto. Bandika simu kabisa kwenye kioo cha dirisha na uizungushie mtandio, la sivyo utapiga sura yako mwenyewe.

kijana_wa_Buguruni
Mzee shikamoo. Hiyo ya kuonyesha picha ya kwanza naanza kuitumia kesho. Shangazi nawe nimekuelewa.

mamavitenge
MREJESHO. Wakuu, nimerudi Lushoto juzi.

Nilienda bila kutoa simu. Nikamkuta bibi pale pale, msimu wa plamsi unaisha, safari hii ana mapeasi. Nikamsalimia, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alinikumbuka. Alisema, "Wewe ndiye wa simu." Tukaongea karibu saa nzima, tena nikamsaidia kufuta mapeasi maana mteja alitaka sado mbili haraka.

Nilipomuomba picha alikataa. Amesema sura yake hapendi iende mbali, basi. Ila akanyoosha mikono akasema, "Hii piga." Nimepiga mikono, mapeasi na ule upindo wa kanga. Kwangu inaizidi ile niliyoifuta, maana safari hii nilikuwa na muda wa kuona: kidole chake gumba kina kovu refu, na kila anapofuta tunda analizungusha mara mbili kabla ya kuliweka chini.

Kisha akaita mjukuu wake, anaanza darasa la kwanza Januari. Akasema huyu mpige, hajawahi kuwa na picha ya karatasi. Mtoto alikimbia nyumbani kubadili gauni, akarudi na la sikukuu na viatu vya bluu, akasimama mbele ya ukuta wa duka amenyooka kama mlingoti. Shangazi, nilikukumbuka. Sikumwambia alegee.

Nimemwahidi bibi kumpelekea mwezi ujao. Naomba mnielekeze pa kusafishia picha njiani, Korogwe au Tanga mjini, isiyopauka.

mstaafu_Korogwe
Tanga mjini, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, utapata studio. Peleka picha yenyewe kutoka kwenye simu kwa waya au kadi, usiitume kwa WhatsApp, inapunguza ubora. Chukua saizi ya postikadi, waambie wasikate miguu, umesema viatu ni vya bluu. Safisha mbili, moja ya bibi na moja ya mama wa mtoto. Na ya mikono safisha pia, hata kama hakuiomba.