Kichwa cha vitesi kwa Corolla ya zamani: okazi, aluminiamu, mbao ao malakiti?

mwana_katuba
Bandugu, jambo. Motokari yangu ni Corolla ya 1994, vitesi (gia) tano za mkono, usukani kuume. Kichwa cha levye, ile fimbo ya vitesi, kimekwisha: namba zimefutika, mpira unanata kwenye kiganja jua likiwaka, na sasa kinazunguka bure. Nikivuta kuingiza ya nne, kinabaki mkononi. Garaji wananiambia nichague: cha okazi kilichotoka kwa Toyota ingine, kipya cha aluminiamu chenye skurubu ndogo tatu pembeni, ao nichongeshe cha mbao. Shemeji yangu yeye anasukuma malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, eti mtu wa Lubumbashi hawezi kushika plastiki wakati shaba iko chini ya miguu yake. Natumika taksi kutwa nzima. Mungechukua gani?

fundi_tour
Mbele ya kuuliza bei, fungua hicho cha zamani, uzungushe kinyume cha saa, uangalie meno ya levye. Toyota nyingi za vitesi za mkono ziko milimita 12, na hatua ya meno, yaani umbali wa jino hadi jino, ni 1.25. Ekru (nati) ya kawaida ya 12 unayonunua kwa kinkaya, duka la vyuma, iko hatua 1.75. Itaingia kidogo halafu ikwame, na ukilazimisha, meno ya levye yamekwenda. Hapo hautatafuta tena kichwa, utatafuta levye nzima. Watu wengi wanaangalia unene tu, hatua wanaiacha.

mama_taksi
Mdogo wangu, okazi. Mimi niko na motokari mbili barabarani na mashofere hawana huruma. Vya aluminiamu nilivyowekewa vililegea vyote. Zile skurubu tatu zinabana kipande cha plastiki ndani, hazishiki chuma kwa chuma, na barabara zetu munazijua. Tena acha motokari juani mwezi wa kumi, halafu ushike aluminiamu saa nane ya mchana, utaniambia. Cha okazi cha Toyota kina meno yake ya shaba ndani na michoro ya vitesi juu. Mbele ya kulipa, shika plastiki kwa mkono mmoja na ile shaba kwa koleo, ujaribu kuzungusha. Kama vinaachana, rudisha, kina ugonjwa uleule wa chako.

dereva_tunduma
Naunga mkono dada hapo juu. Swali dogo: akichukua kichwa kilichotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, ile michoro ya gia haitakuwa kinyume?

fundi_tour
Hapana, kaka. Ya kwanza iko kushoto mbele kwa usukani wa kuume na wa kushoto pia. Kinachobadilika ni mkono wa dereva tu. Angalia ya kurudi nyuma: kwa Corolla hiyo iko chini ya ile ya tano, yaani kuume nyuma. Volkswagen nyingi unagandamiza chini, unapeleka kushoto mbele. Ukiweka kichwa cha kigeni chenye michoro ya motokari ingine, siku utamwachia mtu usukani ataigonga ukutani.

goma_virunga
Huku Goma nimeona shida ingine, kwa Renault na Opel: ile pete unayoinua kwa vidole ili kuingiza ya nyuma. Ukiweka bonge la mviringo, pete inakosa nafasi ya kupanda, motokari inakwenda mbele tu, nyuma haiendi. Corolla haina pete, ndugu uko salama. Na wa otomatiki wenye kitufe pembeni wasijisumbue na hivi vya kuzungusha.

mwana_katuba
Aksanti. Na malakiti? Shemeji hanipi amani.

fundi_tour
Malakiti nimeshachonga, basi niseme. Ni nzuri, hakuna anayekataa. Lakini ni jiwe laini: kwa kipimo cha ugumu wa mawe cha 1 hadi 10, lenyewe ni 3.5 hadi 4, na ndani ya vumbi letu mna kwarzi, chembe za mchanga, yenye 7. Kila siku kiganja chenye vumbi kinakwaruza, kisha jasho linaua mng'ao. Ndimu ikidondoka juu, inakula. Tena bonge la sentimita 5 linapita gramu 200, la mbao halifiki hata 60. Uzito kidogo unasaidia vitesi kuingia laini, sibishi, ila kwa levye iliyolegea chini utasikia inacheza kila shimo. Na vingi vinavyouzwa kwa wageni ni vipande vilivyogandishwa kwa gundi, kikipigwa kinaachana. Ukitoboa, toboa kwenye maji. Vumbi lake ni la shaba, si la kuvuta puani. Kwa motokari ya Jumapili, sawa. Kwa taksi, mwambie shemeji aweke mezani.

mama_taksi
😂 Shemeji anunue motokari yake kwanza.

goma_virunga
Mbao ndiyo naipenda, haichomi wala haibaridi. Ila nyingi nilizoziona, fundi anatoboa mbao na kuzungushia moja kwa moja kwenye levye. Meno ya mbao hayadumu.

fundi_tour
Kweli, lazima chuma ndani. Ekru ya gurudumu ya Nissan ni 12 kwa 1.25, sawasawa na levye ya Toyota. Ile ya gurudumu la Toyota lenyewe ni 1.5, usidanganyike. Ninachimba mbao kwa upana wa ekru, ninajaza gundi ya vichupa viwili vya kuchanganya, ninaiacha ikauke mpaka kesho yake. Pembe sita za ekru zinazuia isizunguke. Mti uwe mukula ao mninga mkavu, si ule uliokatwa juzi.

mwana_katuba
Basi leo nachukua okazi nitumike, na cha mbao nitakuja unichongee polepole, fundi. Ekru moja tu ya Nissan nitaipata wapi? Hawauzi kwa seti?

mama_taksi
Uliza kwa wanaoziba mipira ya magurudumu, wako na kopo zima la zilizobaki. Nenda na ya zamani yoyote ya Nissan mfukoni ya kulinganisha. Na ikiwa na kutu ndani, usichukue.