Naomba ushauri: nataka kutembelea Misheni ya Leipzig, Ujerumani

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, Msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tangu utoto. Mwezi wa tano nakwenda Ujerumani kwa dada yangu, na nimetia nia nifike Leipzig, kwenye ile misheni iliyotuletea wamishonari huku Kilimanjaro mwaka 1893. Babu alibatizwa Kidia, na Biblia yake ya Kichaga bado tunayo, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu.

Nimeambiwa nyaraka za zamani za misheni hiyo ziko mji wa Halle, kwenye taasisi iitwayo Franckesche Stiftungen, karibu tu kwa treni kutoka Leipzig. Je, mgeni wa kawaida, si mchungaji wala mtafiti, anaruhusiwa kuziona? Barua ya utambulisho ya mchungaji wangu itasaidia, au niandike mwenyewe barua pepe mapema? Kijerumani changu kinaishia kwenye salamu.

Viza ya Schengen naishughulikia, bima ya matibabu ya safari ya yuro 30,000 ninayo. Ila mama ameshafunga kahawa ya kukaanga kilo kadhaa, "usiende kwa watu mikono mitupu." Forodha hawatanisumbua? Aliyewahi kufika huko anisaidie tafadhali.