Thomas Moran alikuzaje michoro midogo? Nataka kuchora Maporomoko ya Murchison

BrashiMasindi
Salaam ndugu zangu. Nasikia picha kubwa ya Moran, yule mchoraji wa Marekani, ya bonde la Yellowstone ndiyo iliyolishawishi Bunge la Marekani litenge hifadhi. Je, alibeba turubai porini? Nataka kuchora Murchison, hapa Uganda, sm 70 kwa 120, rangi za mafuta, baada ya safari moja tu.

Kingo ya Nile
Hakubeba. Mwaka 1871 alifuatana na msafara wa mwanajiolojia Ferdinand Hayden akiwa na karatasi, penseli na rangi za maji, na mara nyingi aliandika majina ya rangi juu ya mchoro wenyewe. Mpiga picha William Henry Jackson alikuwemo pia. Picha za Jackson hazikuwa na rangi, kwa hiyo umanjano wa yale majabali ulitoka kwenye karatasi za Moran.

Habari ya Bunge imegeuzwa. Rais Grant alitia saini sheria ya hifadhi tarehe 1 Machi 1872, na picha kubwa ilikuwa haijamalizika. Kazi ya ushawishi ilifanywa na michoro midogo na picha za Jackson. Ile kubwa, mita 2.1 kwa 3.7 hivi, Bunge liliinunua baadaye mwaka huohuo kwa dola 10,000.

Nawe fanya hivyo: simu ikupe umbo, karatasi ikupe rangi. Simu huunguza weupe wa povu na kulitia jabali weusi usiokuwepo.

Mama Fremu
Kata karatasi sm 21 kwa 36. Weka juu yake plastiki angavu yenye miraba ya sm 3, usiuchafue mchoro. Turubai lako litapata miraba ya sm 10, saba kwa kumi na miwili. Ichore kwa chaki, kisha hamisha mchoro mraba kwa mraba. Penseli huja kujitokeza chini ya rangi nyepesi.

Msingi uwe jeso (rangi nyeupe ya kuandalia turubai), mikono mitatu, kila mmoja ukauke na upigwe msasa laini. Rangi ya ukutani ni rahisi lakini hubanduka. Tabaka la kwanza la rangi ya mafuta lizimuliwe kwa tapentaini, yanayofuata yaongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza, la juu hukauka mapema, la chini likiendelea kusinyaa linalipasua.

BrashiMasindi
Asante mama. Nikae juu au chini?

Kingo ya Nile
Kote kuwili. Juu utaona mto ukibanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi, lakini maji yanavyoanguka huyaoni kwa mbele. Hayo ni ya kwenye mashua kutoka Paraa, kituo cha mashua mtoni chini ya maporomoko. Moran naye aliunganisha mitazamo ya sehemu mbalimbali kwenye picha moja. Kitu pekee ambacho hakukichezea ni aina ya mwamba, na hapo usilegeze: mipasuko ya jabali ichore palepale. Juu, kaa upande upepo unakotokea, la sivyo manyunyu yatatoboa madoa kwenye rangi mbichi.

Mama Fremu
Na vanishi usiipake kabla ya miezi sita, hasa mvua zikiwa nyingi.