Naomba ushauri: tembo wa karatasi tumewatengeneza, lakini watoto bado hawamjui tembo

Mlezi wa Chekechea
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha watoto wa miaka 4 na 5, na mada yetu kwa sasa ni tembo. Karibu kila mwongozo wa kazi za mikono unanielekeza kuchukua sahani ya karatasi, kubandika masikio mawili na mkonga wa kukunjakunja, kisha kupaka rangi ya kijivu. Watoto wanafurahi na ukuta umejaa tembo wanaofanana kama mapacha, lakini nikiuliza mkonga una kazi gani, wengi wanajibu kwamba tembo hunywa maji kwa pua. Ningependa michezo itakayomwonyesha mtoto jinsi mwili wa mnyama huyu unavyofanya kazi. Pia naomba kujua kama inafaa kuwaeleza habari za ujangili katika umri huu.

Fundi Makaratasi
Mwalimu, sahani iweke kando kwanza, uanze na soksi. Chukua soksi ndefu, itoboe matundu mawili mwishoni, mtoto aivae hadi kwenye kiwiko huku kidole gumba na kidole cha shahada vikichomoza nje. Hapo amepata mkonga wa tembo wa Afrika, ambao ncha yake ina vidole viwili vya nyama. Mwekee mezani jani kavu, kipande cha kamba na karatasi iliyofinyangwa, aviokote kimoja kimoja. Kisha mwambie afiche kidole gumba ndani ya soksi na ajaribu tena kwa kukibana kitu kati ya kidole cha shahada na kiganja, kwa kuwa tembo wa Asia ana kidole kimoja tu na mara nyingi hukizungushia kitu mkonga. Jani lililookotwa kirahisi mara ya kwanza litaanza kuponyoka, na maswali yatakuja yenyewe bila wewe kuhutubia.

Kwa upande wa maji, tafuta bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, na boksi ulilolichora mdomo wazi, lenye kikombe ndani. Mtoto avute maji kwa bomba, ayapeleke mdomoni na kuyamimina. Tembo hufanya hivyohivyo: huyavuta maji hadi sehemu ya mkonga, kisha huyamimina kinywani. Waambie pia kwamba ndama hunyonya maziwa kwa mdomo, na kwamba katika miezi yake ya mwanzo huhangaika na mkonga wake kwa sababu hajajua kuutumia.

Mama Wawili
Naunga mkono, ila vitu vya kuokota visiwe vidogo kiasi cha kumezwa, maana shanga na vifungo huishia mdomoni. Ningeongeza mchezo wa ngozi. Kata karatasi mbili zinazolingana, moja uifinyange mara kadhaa kisha uikunjue, nyingine uiache ilivyo. Watoto wapake zote rangi ya maji iliyo nyepesi sana, nao wataiona rangi ikikimbilia kwenye mikunjo na kutuama humo. Mikunjo ya ngozi ya tembo nayo hushika maji na tope, na hivyo mwili hubaki na ubaridi kwa muda mrefu zaidi. Karatasi hiyo ikikauka ndiyo ikatwe umbo la tembo.

Mhifadhi Mstaafu
Masikio msiyasahau. Lowesha kidogo kifundo cha mkono cha mtoto, kisha mwenzake ampepee kwa sikio kubwa la kadibodi. Ubaridi atakaousikia unafanana na ule anaoupata tembo anapopunga masikio, kwa kuwa yamejaa mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi.

Ujangili, kwa maoni yangu, usubiri. Inatosha mtoto wa miaka 4 ajue kwamba pembe ni meno ya tembo na kwamba anazihitaji kwa kuchimba, kubandua magome na kujilinda. Habari za bunduki zitamtia hofu asiyoweza kuifanyia lolote. Badala yake wafundishe maisha ya kundi: watoto wajipange mstari, jike mzee zaidi atangulie, na ukipiga ngoma ya hatari wakubwa wawazunguke ndama.

Mlezi wa Chekechea
Nawashukuru sana; soksi nitazikusanya kesho. Wasiwasi wangu ni kwenye mchezo wa kundi, kwani wavulana wangu hawatakubali kutanguliwa na bibi.

Mhifadhi Mstaafu
Kiongozi awe mtoto mwenye umri mkubwa kuliko wote siku hiyo, umfunge kitambaa cha ubibi, hata akiwa mvulana. Wasiotaka kabisa wawe madume waliokomaa, ambao kwa kawaida huliacha kundi la mama zao na kuishi peke yao au na madume wenzao. Wape kona yao ya mbali yenye matawi ya kula, na uwaruhusu kulitembelea kundi watakapochoka na upweke.